Mashua ya mbao ya kufundishia ubaharia: ikarabatiwe, ivishwe faiba au iachwe?

“Assalaamu alaykum. Ninafundisha skuli ya sekondari Mkoani, Pemba, na jioni ninasimamia kikundi cha vijana 18 wanaotaka kujifunza ubaharia. Baadhi yao wana ndoto ya kuingia katika vikosi vya majini. Mzee mmoja ametupa mashua yake ya mbao yenye urefu wa mita 9, ambayo imekaa juu ya magogo nchi kavu kwa miezi minane, na nyufa baina ya mbao zinaonekana kwa macho. Mjumbe mmoja wa kamati yetu anasema tusipoteze fedha, kwa sababu hakuna jeshi la majini linalofundishia vyombo vya mbao zama hizi. Fundi mmoja ametushauri tuivishe faiba kwa nje ili iwe mpya kabisa. Mwengine anataka tung’oe mlingoti tuweke mashine ya nguvu farasi 40, vijana wajifunze mambo ya kisasa. Mimi nina hofu juu ya usalama wa watoto wa watu. Tufanye nini?”

Wa alaykumu ssalaam, mwalimu wangu. Umeuliza swali moja, lakini limebeba mambo matatu yasiyofanana: kama mbao bado inafaa kufundishia, kama mashua hii hasa inafaa kutiwa majini, na kama hao waliokushauri juu ya faiba na mashine wanaijua tabia ya chombo wanachokitolea ushauri. Nitaanza na la mjumbe wenu, kwa kuwa jibu lake ni fupi, kisha nitakaa zaidi kwenye mashua yenyewe, kwa sababu huko ndiko ziliko roho za watu.

Mjumbe wenu amekosea kuhusu jana na amepatia nusu kuhusu leo. Chuo cha maafisa wa Jeshi la Majini la Marekani, kilichoanzishwa Annapolis mwaka 1845, kina vyombo vidogo vya mafunzo vinavyojulikana kwa herufi YP, ambavyo wanafunzi huviendesha kwa mikono yao wenyewe: wanashika usukani, wanapima njia kwenye ramani, wanatoa amri za mashine, wanafunga gatini na kung’oa nanga. Vile vilivyojengwa katika miaka ya 1980, wakati jeshi hilo hilo lilikuwa tayari na manowari zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia, vilikuwa na mwili wa mbao na sehemu ya juu ya alumini. Urefu wake ulikuwa kiasi cha mita 33, vikisukumwa na mashine mbili za dizeli, kila moja na rafadha yake, kwa mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) 12 hivi. Kizazi kilichofuata, ambacho kilianza kupokewa mwaka 2010, ni cha chuma na urefu wake umefika mita 36. Kwa hiyo ni kweli kwamba wakubwa wanahamia kwenye chuma, na mtu yeyote aliyewahi kulipa fundi wa kalafati, yaani wa kuziba nyufa za mbao, hawezi kuwashangaa. Lakini vizazi vya maafisa vilijifunza kazi juu ya mbao, na hakuna aliyesema kwamba walijifunza vibaya. Herufi hizo hizo, kwa taarifa yako, wakati wa Vita Kuu ya Pili zilibebwa na mashua za wavuvi wa jodari wa San Diego zilizochukuliwa na jeshi, zikapeleka vyakula na mafuta hadi kisiwa cha Guadalcanal, Bahari ya Pasifiki. Vijana wenu, ambao wengi wao bila shaka wana mjomba au babu mvuvi, huenda wakafurahi kulijua hilo.

Lipo pia dai ambalo hujalitaja lakini nalisikia mara nyingi, kwamba majeshi yalipenda mbao kwa sababu ya sumaku. Hilo ni kweli kwa aina nyengine ya chombo. Mwili wa chuma huvuruga uga wa sumaku wa dunia pale unapopita, na yako mabomu ya kutegwa baharini yanayohisi mvurugo huo na kulipuka. Ndiyo maana wasafishaji wa mabomu wa Uingereza wa miaka ya 1950, wale wa aina ya Ton, walijengwa kwa mbao za mahogani juu ya mataruma (mbavu za chombo) ya alumini. Baadaye baadhi yao waligawiwa askari wa akiba kuwa vyombo vya mafunzo, na hapo ndipo watu walipochanganya mambo. Kwenu nyinyi faida pekee ya sumaku ni ndogo lakini ni nzuri: dira katika mashua ya mbao husema ukweli zaidi kuliko katika chombo cha chuma, maadamu hamjaiweka karibu na mashine, nanga au simu ya mtu.

Mfano unaowafaa nyinyi, kwa maoni yangu, uko karibu zaidi kuliko Annapolis. Jeshi la Majini la Uingereza kwa miongo mingi ya karne iliyopita lilifundisha vijana wake kwa mashua iitwayo whaler ya Montagu, yenye urefu wa futi 27, yaani mita 8.2, ambayo ni karibu sawa na yenu. Ilichongoka omo (mbele) na tezi (nyuma) kama dau, ikawa na makasia matano, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili, pamoja na milingoti miwili midogo na ubao wa kushushwa chini ya mkuku, ule mti mkuu wa chini wa chombo, ili isisukumwe pembeni wakati wa kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo. Haikuwa na mashine. Hesabu hiyo ya makasia isiyo sawa huwashangaza watu, lakini ndani yake kuna somo la kwanza: asiyevuta kwa kipimo cha mwenzake huonekana papo hapo, kwa sababu mashua hugeuza uso, na yule aliyekaa tezi na kana (mpini wa usukani) mkononi hana mtu wa kumlaumu ila mpangilio wa amri zake.

Chombo cha mafunzo kinapimwa kwa jambo moja, nalo ni kosa la mwanafunzi linafanya nini. Kosa linatakiwa lionekane mapema na ligharimu kidogo. Katika meli kubwa afisa akichelewa kupunguza mwendo, meli huendelea kwenda kwa uzito wake, na matokeo huja baada ya dakika kadhaa, wakati kosa limeshasahaulika na gati limeshavunjika. Katika mashua ya mita 9 kijana akichelewa kutoa amri ya “acha kuvuta”, ndani ya pumzi mbili tatu omo imeshagonga pembe ya gati, kila mtu amesikia, na hasara ni mkwaruzo wa rangi. Mbao inaingia hapo kwa sababu hustahimili mgongano mdogo, na ubao ukivunjika hutolewa huo mmoja na kutiwa mwengine na fundi wa hapo hapo pwani. Faiba nayo ina sifa hizo kwa namna yake. Kwa hiyo usiibebe mbao kama dini. Ukipewa kesho mashua nzuri ya faiba yenye makasia na tanga, ichukue.

Nikupe mfano mmoja wa somo ambalo mashua ndogo hulifundisha kuliko darasa. Waambie vijana watie nanga maji yakiwa yamekupwa, mahali penye kina cha mita 4, na watoe kamba ya mita 20. Kamba ni mara tano ya kina, nanga imelala vizuri, kila mtu ameridhika. Kaeni hapo wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa zaidi kuliko siku nyengine. Kwetu maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita tatu, kwa hiyo baada ya saa sita kina ni mita 7, kamba ni ile ile, na sasa haifiki hata mara tatu. Kamba inaivuta nanga kuelekea juu badala ya kuilaza, na mkondo ukishika kasi mashua huanza kutembea na nanga yake bila kuaga. Mwanafunzi aliyechagua alama mbili za nchi kavu na kuzitazama zikiachana polepole, mnazi ukitoka mbele ya paa la msikiti, hatahitaji kuambiwa tena kwamba kamba ya nanga hupimwa kwa maji yatakayokuja.

Sasa tuje kwenye mashua yenu, na hapa nakuomba usome taratibu.

Nyufa unazoziona si ugonjwa. Mbao za mashua zimepangwa ubavu kwa ubavu, na baina yake hutiwa pamba iliyoloweshwa mafuta. Mbao ikiwa majini hunywa maji na kuvimba, mbao mbili zinabanana, pamba iliyo katikati inakabwa, na chombo kinakuwa kikavu ndani. Ukiipandisha nchi kavu miezi minane juani, mbao hutoa maji yake na kusinyaa, na nyufa hufunguka hata kalamu ikapita. Kosa linalofanywa mara nyingi kuliko yote ni kuziogopa nyufa hizo na kuzijaza pamba kwa nguvu zote wakati mbao ingali kavu. Nililifanya mwenyewe nikiwa kijana, Mkokotoni, kwa mashua ya jamaa yangu mmoja. Nilipiga kalafati siku tatu, nyundo ikilia kama ya mfua chuma, nikajisifu kwamba hata tone halitaingia. Tulipoishusha majini mbao zikaanza kuvimba na hazikuwa na pa kwenda, kwa sababu nafasi yote nilikuwa nimeishaijaza. Usiku wa pili tukasikia mlio kama wa tawi linalokatika. Asubuhi ubao wa tatu kutoka kwenye mkuku ulikuwa umeachana na taruma, misumari imechomoka nusu kidole, na mwenye mashua hakuzungumza na mimi mpaka Idi.

Kwa hiyo mashua kavu huloweshwa kwanza. Tandikeni magunia ndani yake na myamwagie maji ya bahari asubuhi na jioni kwa wiki moja au zaidi, na mwili wake wa nje uwekwe kivulini kwa makuti. Baada ya hapo, pamba iliyooza tu ndiyo itolewe na kutiwa nyengine kwa mkono mwepesi. Ikishushwa, iwekwe mahali pa maji mafupi penye mchanga, ifungwe vizuri, na muwe tayari kufua maji kwa siku moja hadi tatu. Maji yakipungua kila siku, mbao zinafanya kazi yake. Yakibaki vile vile siku ya nne, tafuta sababu nyengine.

Na sababu nyengine zipo tatu, ambazo nitakueleza moja moja kwa kuwa ndizo zitakazoamua kama mashua hii ni neema au ni mzigo.

Ya kwanza ni kuoza, na wengi hukutafuta mahali pasipo. Watu huchunguza chini ya maji, kumbe ubao uliozama muda wote hauozi kwa urahisi, kwa kuwa kuvu inayoozesha inahitaji hewa pamoja na unyevu. Bahari yenyewe, kwa chumvi yake, ni rafiki. Adui ni maji ya mvua. Mashua iliyokaa wazi masika yote, mvua ikaingia ndani na kutuama kwenye pembe za mataruma, chini ya mabao ya kukalia na nyuma ya fashini (mti unaosimama omo au tezi), huoza kutoka ndani huku rangi ya nje inang’aa. Chukua bisibisi yenye ncha, anza na pembe hizo, na bonyeza. Mbao nzima hukataa. Iliyooza huimeza ncha bila kelele na ukiitoa hutoa unga wa kahawia. Halafu chukua nyundo ndogo ugonge kila shubiri moja: mbao nzima hulia, mbovu hujibu kwa sauti ya kiziwi kama ya kugonga gunia la mchele.

Ya pili ni yule kiumbe wa baharini anayetoboa mbao, ambaye wataalamu humwita teredo. Watu humdhani mnyoo, lakini ni jamaa wa chaza na kome, na magamba yake mawili madogo ndiyo anayotumia kama tupa. Huingia akiwa mchanga kupitia tundu dogo kama kichwa cha pini, kisha hukua akiwa ndani, akichimba kufuata urefu wa ubao na kuupaka mfereji wake chokaa nyeupe. Ndiyo maana ubao ulioliwa huonekana mzima kwa nje. Niliwahi kuitwa kuangalia dau moja ambalo mwenyewe aliapa kuwa ni la mvule na halina neno. Nilitia ncha ya kisu karibu na mkuku, nikikusudia kukwaruza tu, na kisu kikaingia hadi mpinini kama kinachoingia kwenye muhogo uliochemshwa. Tulipokata kipande, ndani kulikuwa na mirija myeupe iliyobanana kama nyuki wameijenga, na baina ya mrija na mrija pamebaki ubao mwembamba kama karatasi. Miezi minane ya nchi kavu imewafaa nyinyi hapa, kwa sababu kiumbe huyu hafi kwa kitu kama anavyokufa kwa ukavu. Lakini mifereji aliyoiacha haijifungi. Wazee waliimudu hatari hii kwa kupandisha chombo kila baada ya muda, kukichoma nje kwa moto wa makuti na kukipaka deheni ya chokaa na shahamu. Leo ipo rangi maalumu ya kuzuia viumbe vya bahari, ambayo hudumu zaidi, ila deheni iliyopakwa kwa wakati ni bora kuliko rangi ya bei iliyopakwa mara moja ikasahauliwa.

Ya tatu, na ndiyo ninayoiogopa zaidi katika mashua ya umri wa yenu, ni misumari. Msumari wa chuma ukishika kutu huvimba, hupasua ubao, na mbao iliyouzunguka hugeuka nyeusi na laini. Kwa nje unaona doa tu linalolia machozi ya kahawia chini ya rangi. Ng’oeni misumari mitano au sita kutoka sehemu mbalimbali, hasa chini ya mstari wa maji. Ikitoka mizima, vyema. Ikitoka imelika na kuwa nyembamba katikati kama kiuno cha nyigu, basi mashua imeshikiliwa na rangi na mazoea. Mkibadilisha, tieni misumari ya aina moja iliyopakwa zinki, na msikubali fundi achanganye shaba na chuma kwa sababu amepata bei nzuri. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza liliivisha manowari yake HMS Alarm mabati ya shaba ili kumzuia teredo. Teredo alizuilika, lakini maji ya chumvi yalifanya shaba na misumari ya chuma kuwa kama betri, na chuma kikaliwa hadi mabati yakaanza kuachia. Mababu zetu waliojenga mtepe walijiepusha na yote haya kwa kushona mbao kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, jambo ambalo hulitaja kila nikipata nafasi, na naona nafasi nimeipata.

Umeshaona, nadhani, kwa nini siungi mkono shauri la faiba. Sina ugomvi na faiba iliyo peke yake. Mashua iliyotungwa kwa faiba tangu mwanzo ni chombo kizuri. Tatizo ni kuivisha juu ya mbao kongwe zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Mbao hizo hazikai kimya: huvimba na kusinyaa, na kila wimbi huzisogeza kidogo. Faiba haisogei. Baada ya muda inaachana na mbao, maji hupita katikati na hayatoki, na sasa mna unyevu, hewa kidogo na giza, yaani kila kitu ambacho kuvu inakitaka. Ubaya wake mkubwa kwa kikundi kama chenu ni kwamba huwezi tena kugonga kwa nyundo wala kutazama msumari. Chombo kinaoza ndani ya koti safi. Fundi aliyekushauri hakusema uongo kwamba itakuwa mpya. Itakuwa mpya kwa mwaka mmoja au miwili, na gharama yake huenda ikatosha kubadilisha mbao zote mbovu.

Kuhusu mashine, hapa pana hesabu ambayo wanafunzi wako wa fizikia wangeweza kuifanya. Chombo kinachokata maji kwa uzito wake, kama mashua, hutengeneza wimbi, na kadiri kinavyokwenda kasi ndivyo wimbi linavyorefuka, mpaka likawa na urefu sawa na wa chombo. Hapo mashua inabaki imekaa kwenye bonde la wimbi lake yenyewe, na kuongeza nguvu ni kujaribu kuipandisha mlima. Kasi hiyo, kwa noti, ni kiasi cha 2.43 mara kipeuo cha pili cha urefu wa chombo kwenye mstari wa maji, kwa mita. Mashua yenu ya mita 9 ina pengine mita 8 majini, kwa hiyo ukomo wake ni noti 7 hivi. Mashine ya nguvu farasi 10 au 15 mara nyingi itawafikisha hapo. Ya 40 itakula mafuta, itazamisha tezi, itainua omo hata nahodha asione mbele, na mtikisiko wake utailegeza ile misumari tuliyoizungumza.

Mlingoti msiuondoe. Sisemi hivyo kwa mapenzi ya mambo ya kale. Kijana anayejifunza kwa mashine peke yake hujua kwamba chombo huenda mahali kinapoelekezwa. Anayejifunza kwa tanga na makasia hujua kwamba upepo na mkondo vina maoni yao, na siku mashine ya kisasa itakapozima katikati ya mkondo wa Pemba, ambapo maji ni marefu mno kwa nanga yoyote mliyonayo, ujuzi huo wa pili ndio utakaomrudisha nyumbani. Anzeni na makasia, miezi miwili au mitatu, ndani ya ghuba. Kisha tanga, wakati wa maleleji, baina ya msimu wa kaskazi na wa kusi, upepo ukiwa mwepesi, kabla ya kusi kushika. Mashine ndogo iwepo kwa ajili ya dharura, na iwe ya mwisho kufundishwa.

Nirudi kwenye hofu yako. Ni hofu ya haki, na kila aliyekuwapo visiwani Septemba 2011 anaifahamu. MV Spice Islander I, iliyozama njiani kuja Pemba, ilikuwa ya chuma. Ilibeba watu wengi kuliko uwezo wake, na chuma hakikuwasaidia waliokuwemo, Mwenyezi Mungu awarehemu. Kwa hiyo swali lako la usalama lina sehemu ambayo fundi wa mbao hawezi kuijibu. Vijana 18 hawaingii kwa pamoja katika mashua hii. Sita, au wanane ikiwa hali ni shwari, pamoja na watu wazima wawili ambao mmoja wao ni baharia wa kweli, anayeyajua maji ya hapo. Kila mmoja avae boya lake tangu anapokanyaga diko, hata yule bingwa wa kuogelea, na hasa yeye. Asiyejua kuogelea afundishwe kwanza. Hilo peke yake laweza kuchukua msimu mzima na si muda uliopotea. Zoezi la mtu kuanguka baharini lifanywe kwa boya tupu kila siku mnayotoka, mpaka wawe wanalifanya bila kupigizana kelele. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isomwe asubuhi, na ikitaja upepo mkali hakuna mjadala, hata kama wazazi wameshafika kutazama.

Ukiniuliza nachagua lipi, nachagua kuikarabati kwa mbao, kwa sharti kwamba mkuku na fashini zote mbili ni nzima. Ubao ni nguo, hubadilishwa. Mataruma machache pia hubadilishwa, ijapokuwa kupata tawi la mti lenye pindo linalotakiwa ni kazi kuliko zamani. Lakini mkuku ukiwa umeoza au umepinda, mnachokarabati ni jina la mashua tu. Njia rahisi ya kuangalia ni kufunga uzi kutoka omo hadi tezi chini ya mkuku na kuuvuta ukakaza. Nafasi ya kidole kimoja katikati inavumilika katika chombo cha umri huo. Nafasi ya kiganja maana yake mgongo umekatika, omo na tezi zimeinama, na hapo nakushauri mumshukuru mzee, muiweke uwanjani wajifunzie mafundo, majina ya viungo na amri za makasia, na fedha mtafutie mashua nyengine. Hasara ya kuiacha mapema ni ndogo mno kuliko ya kuiacha baada ya miaka miwili ya michango.

Haya yote unaweza kuyafanya wewe na vijana wako, na yatakuwa somo zuri, lakini hukumu ya mwisho isiwe yako wala yangu niliye mbali. Mlete fundi mkuu wa vyombo, aliyejenga na si aliyepaka rangi tu. Pemba wapo, na ukikosa, Nungwi hawakosekani. Mwambie aingie chini na alale chali. Fundi anayekupa bei akiwa amesimama, mlipe nauli yake arudi. Kisha, kabla ya kijana hata mmoja kupanda, nenda kwenye ofisi ya Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar uulize utaratibu wa ukaguzi na usajili wa chombo cha namna hii, na uwaone KMKM, kikosi maalum cha kuzuia magendo, ambao uokozi baharini ni sehemu ya kazi yao, uwaombe waje wawaonyeshe vijana namna ya kumtoa mtu majini. Pia pata idhini ya maandishi ya wazazi, baada ya kuwaonyesha mashua yenyewe na siyo picha yake.

Mashua ingali juu ya magogo, kwa hiyo huu ndio wakati wa kuanza. Wapange vijana wawili wawili, mmoja na nyundo na mwengine na chaki, waanze omo kwenda tezi, na kila palipolia sauti ya kiziwi patiwe alama. Halafu simama hatua ishirini nyuma uhesabu alama zilipo. Zikiwa zimetawanyika juu, karibu na mabao ya kukalia, ni mvua. Zikijikusanya chini, pande zote mbili za mkuku, usingoje mpaka fundi aje mwenyewe. Piga simu siku hiyo hiyo.